Kuuliza Si Kukataa: Neno Juu ya Chanjo



Katika ukurasa huu tumezoea kusema juu ya kofia ya kazi, viatu, taa, na mwamba uliolegea. Leo nataka kusema juu ya mkono. Si mkono unaoshika nyundo, bali mkono ule ambao munganga anaufuta kwa pamba na kuupiga sindano. Kuna watu wengi wanaouficha mkono huo. Mimi pia niliuficha, na sababu yake nitaieleza.

Nilikuwa na mwenzangu wa kazi. Jina lake nitaliacha, kwa sababu bibi yake na watoto wanasoma gazeti hili. Tulishuka shimoni pamoja miaka mingi. Tulikula bukari katika sahani moja. Yeye alikuwa na ugonjwa wa sukari, na kifua chake kilikuwa kimechoka kwa vumbi la miaka ile ya zamani. Mwaka 2021, chanjo ya korona ilipofika katika jimbo letu, aliniuliza jioni moja tukitoka kazini: « Yaya, unasema nini? Twende ao tungoje? »

Nikamjibu: « Tungoje kidogo. Tuone wengine kwanza. »

Basi, ni hayo tu. Sikumwambia neno baya juu ya chanjo. Lakini ninyi mnajua: mtu akikuheshimu, « tungoje » yako kwake ni amri. Akangoja. Kabla ya mwaka ule kuisha akashikwa na korona, pumzi ikamkatika, wakamtia oksijeni, na siku chache kisha tukamfanyia kilio.

Siwezi kusema kwa hakika kwamba sindano ingemwokoa. Hakuna anayeweza kusema hivyo juu ya mtu mmoja. Lakini hili ninalijua: mtu aliniuliza njia, nami nikamwonyesha mahali ambapo mimi mwenyewe sikupajua. Nilikuwa nimesoma maneno katika telefone na kusikia mengine barabarani. Sikuwa nimemwuliza munganga hata mmoja, na dispanseri ilikuwa karibu na nyumba yangu.

Tangu siku ile ninashika neno moja: kuuliza si kukataa. Kosa letu halikuwa kuuliza. Kosa lilikuwa kuuliza watu wasiojua, na wale waliojua hawakuja kutujibu.

SINDANO TUNAYOIOMBA WENYEWE

Kuna wakubwa wanaosema: « Watu wetu ni wagumu, hawapendi chanjo. » Si kweli, na nitaonyesha.

Msumari ukipenya kiatu na kuingia mguuni, unafanya nini? Unakwenda mwenyewe kwa munganga, ukichechemea, na kuomba sindano ya kuzuia pepopunda. Huulizi ilitengenezwa nchi gani. Umewahi kuona mtu anayekakamaa mwili mzima kwa pepopunda, ao baba yako alikusimulia. Unajua ugonjwa, unajua dawa yake, unamjua munganga. Vitu vitatu.

Tazama tena mama zetu. Siku ya kupima watoto wanaamka mapema, mtoto mgongoni, karatasi ya chanjo mkononi, wanakaa kwenye benchi hata saa sita. Nani aliwalazimisha? Hakuna. Wanaijua surua. Ugonjwa huo ulipopita katika nchi yetu toka 2018 hadi 2020, watu zaidi ya 7,000 walikufa, na wengi wao walikuwa watoto wasiofika miaka mitano. Mama aliyemzika mtoto wa jirani hangoji kuitwa mara mbili.

Na kama mnataka mfano mkubwa zaidi, tazameni Kinshasa mwaka 2016. Homa ya manjano ilikuwa imeingia kutoka Angola. Chanjo ilikuwa haba katika dunia nzima. Wataalam wakakubali kutumia sehemu moja ya tano ya dozi, kwa kuwa iliweza kulinda mtu kwa wakati ule. Mwezi wa 8, katika muda wa siku kumi hivi, watu zaidi ya milioni 7 walichanjwa katika mji ule. Milioni 7! Walipanga mistari juani. Waliambiwa wazi kwamba dozi ni ndogo, na kwa sababu gani ni ndogo, na bado walitoa mkono.

Basi tazama mji uleule, miaka mitano baadaye. Tarehe 2 mwezi wa 3, 2021, dozi milioni 1.7 za chanjo ya korona zilishuka kwenye uwanja wa ndege wa N'djili, kwa mpango wa mataifa ulioitwa COVAX. Watu waliotoa mkono walikuwa wachache mno, hata ikabidi dozi karibu milioni 1.3 zirudishwe na kugawiwa nchi nyingine za Afrika kabla ya tarehe yake kupita. Mwaka 2021 ulipoisha, nchini mwetu hata mtu mmoja kwa mia hakuwa amemaliza chanjo yake.

Watu ni walewale. Mji ni uleule. Sindano ni sindano. Ni kitu gani kilichobadilika?

IMANI ILIVYOVUNJIKA

Imani haivunjiki siku moja. Ni kama nguzo ya shimoni: inaanza kulia, inapasuka kidogo, kisha siku moja inaanguka, na watu wanasema imeanguka ghafula. Tuhesabu mapasuko.

La kwanza. Tarehe 1 mwezi wa 4, 2020, wataalam wawili wa Ufaransa walizungumza katika televisheni juu ya kujaribu chanjo moja dhidi ya korona katika Afrika, mahali ambapo, kwa maneno yao, hakuna vifaa vya kujikinga. Baadaye mmoja wao aliomba radhi. Lakini maneno yalikwisha kupita. Siku mbili baadaye Profesa Jean-Jacques Muyembe, aliyeongoza kazi ya kupigana na korona katika nchi yetu, alisema kwamba Kongo itakubali kushiriki katika majaribio ya chanjo. Watu wakawaka. Ikambidi aeleze kwamba hatungekuwa wa kwanza kujaribiwa, kwamba majaribio yangeanza nchi nyingine, Marekani kwa mfano. Huyu ni mwana wa nchi, aliyekwenda Yambuku mwaka 1976 Ebola ilipotokea mara ya kwanza. Kama mtu wa namna hii hakusikilizwa, jueni jeraha lilikuwa kubwa.

La pili. Chanjo yenyewe ilipofika, mwezi uleule wa 3, Denmark, Ujerumani, Ufaransa na nchi nyingine zilisimamisha AstraZeneca kwa muda, kwa sababu watu wachache walipata damu kuganda. Serikali yetu nayo ikasimamisha, ikaanza kuchanja tarehe 19 mwezi wa 4. Kusimamisha kazi ili kutazama hatari ni jambo jema. Sisi watu wa mgodi tunalijua. Lakini tulisikia habari ya kusimamisha kwa sauti kubwa, na habari ya kuanza tena kwa sauti ndogo.

La tatu. Rais wa nchi mwenyewe alisema mbele ya watu kwamba alikuwa na mashaka juu ya chanjo ile. Alichanjwa mwezi wa 9, 2021, kwa chanjo nyingine. Sitoi hukumu juu ya kiongozi. Nasema tu: kapita asipovaa kofia, kundi lote linavua.

La nne linatugusa sisi. Mwaka 2020 kampani kadhaa za madini katika kusini ya nchi ziliwafungia wafanyakazi mgodini kwa majuma na miezi, mbali na bibi na watoto, ili kazi isisimame. Ziliita hivyo ulinzi wa afya. Mtu aliyelala kambini namna ile, bila kujua lini atatoka, alisikia sauti ileile ikimwambia mwaka uliofuata: « Njoo uchanjwe, ni kwa afya yako. » Je, unamshangaa alipouliza: afya yangu, ao kazi yenu?

TUSIWACHEKE WANAOOGOPA

Wazee wa Katanga wanakumbuka habari za batumbula, watu waliosemekana kukamata Waafrika usiku na kuwapeleka kwa wazungu. Vijana wanacheka wakisikia. Mimi sicheki. Nyakati zile babu zetu walikusanywa kwa amri, wakapangwa mstari, wakapigwa sindano za malale bila mtu kuwaeleza kitu. Watu wanaotendewa hivyo watajitungia maelezo yao wenyewe. Mahali ambapo jibu halipo, hofu inajijibu.

Leo batumbula wamebadili mavazi tu. Wanakuja katika WhatsApp. Wanasema chanjo inaua uzazi, chanjo ina kitu cha kukufuata popote uendapo. Radio trottoir haina saa ya kufunga. Kumcheka jirani anayeamini haya si dawa. Umkaribishe, umpe munkoyo, umwulize: « Unaogopa nini hasa? » Mara nyingi utakuta chini ya uongo ule kuna swali la kweli.

MASWALI YA KWELI, NA MAJIBU

Haya ni maswali niliyoyasikia kambini. Niliyapeleka kwa wanganga, jambo ambalo ningelifanya mwaka 2021.

« Chanjo ilitengenezwa haraka mno. » Ni kweli ilikuwa haraka. Lakini mtazame kazi yetu: shimo likichimbwa kwa zamu moja linachukua mwaka, kwa zamu tatu linachukua miezi. Wachunguzi wa namna hizi za chanjo walikuwa kazini miaka mingi kabla ya korona. Mwaka 2020 fedha zilitolewa bila kuhesabu, na hatua ambazo kwa kawaida hufuatana zilifanywa nyingine pamoja. Makumi elfu ya watu walijitolea kujaribiwa kabla ya sisi, wengi wao Marekani na Ulaya.

« Waliochanjwa waliugua vilevile. » Kweli, wengi. Ndugu, kofia yako inazuia jiwe lisianguke? Hapana. Jiwe litaanguka. Kofia inafanya urudi nyumbani ukiwa na kichwa. Chanjo ya korona haikuziba kila mlango wa ugonjwa, lakini ilipunguza sana ugonjwa mkali na kifo. Wataalam wa Imperial College ya London walihesabu kwamba katika mwaka wa kwanza wa chanjo, watu zaidi ya milioni 14 duniani waliepuka kifo kwa sababu yake.

« Inaleta ubaya mwilini. » Mkono unauma, homa inakuja, uchovu siku moja ao mbili. Hayo ni ya kawaida, na inafaa yasemwe mapema. Ule ugonjwa wa damu kuganda ulikuwa wa kweli, lakini uliwapata watu wachache sana kati ya kila milioni waliopata AstraZeneca. Korona nayo inagandisha damu, tena mara nyingi zaidi. Mwenye kupima hatari apime pande zote mbili.

« Kwa nini watupe chanjo bure, na dawa ya malaria tunanunua? » Swali hili ninalipenda, kwa sababu linatoka katika maisha yetu. Jibu la haki ni hili: nchi tajiri zilitaka kujilinda na wao, kwa sababu ugonjwa wa namna ile hauonyeshi pasiporti mpakani. Tena walijinunulia kwanza kwa wingi, na sisi tukapata nyuma. Tuwalaumu kwa hilo. Lakini jirani akizima moto wa nyumba yangu ili moto usifike kwake, sitamkataza maji yake.

MPISHI WA MERCA

Sasa nitawaambia habari ya mtu mmoja ambaye jina lake limeandikwa katika historia ya dunia.

Mwaka 1977, ugonjwa wa ndui ulikuwa umekwisha karibu kila mahali. Hapa kwetu, Zaire ya wakati ule, ulikomeshwa mwaka 1971. Ulibaki katika pembe ya Afrika. Katika mji wa Merca, Somalia, palikuwa na kijana aliyeitwa Ali Maow Maalin. Alikuwa mpishi wa hospitali. Tazama vizuri: mtu wa hospitali! Sindano ilikuwa mlango wa pili kutoka jikoni kwake. Lakini aliikwepa, kwa sababu alidhani inauma.

Mwezi wa 10 mwaka ule, gari lilileta wagonjwa wa ndui, na dereva hakujua njia. Maalin akapanda kumwonyesha. Safari ilikuwa ya dakika chache tu. Kisha akashikwa na homa, na vipele vikatoka. Aliugua, akapona. Wanganga wakawatafuta na kuwachanja watu kwa maelfu karibu naye, na ndui haikupita kwa mtu mwingine. Ndiye mgonjwa wa mwisho duniani aliyeshikwa na ndui kwa njia ya kawaida. Tarehe 8 mwezi wa 5, 1980, mkutano wa Shirika la Afya Ulimwenguni ulitangaza kwamba ndui imekwisha.

Je, Maalin alijificha kwa haya? Hapana. Miaka ya baadaye, polio iliposumbua Somalia, alikwenda nyumba kwa nyumba kuwaambia wazazi wachanje watoto. Aliwaeleza habari yake mwenyewe, kwamba aliogopa sindano na ugonjwa ukampata. Aliendelea na kazi hiyo, na mwaka 2013 akafa kwa malaria akiwa katika kazi ya polio.

Wazazi walimsikiliza kwa sababu gani? Hakuwa munganga mkubwa. Hakuwa na bunduki wala amri. Alikuwa mtu wa kwao, na alikubali kusema: mimi nilikosea. Nadhani neno hilo lina nguvu kuliko mabango mia.

KOVU LA BABA ZETU

Mzee yeyote wa miaka sitini na zaidi, mwambie avue shati. Mara nyingi utaona juu ya mkono wake kovu la mviringo. Hilo ni kovu la chanjo ya ndui. Watoto wake waliozaliwa baada ya 1980 hawana, kwa sababu ndui ilikwisha na chanjo ikaachwa.

Kovu lile lilikuwa na kazi nyingine. Ugonjwa tunaouita leo mpox ni ndugu ya ndui. Ulionekana kwa mtu mara ya kwanza mwaka 1970, katika nchi yetu, upande wa Équateur, kwa mtoto wa miezi tisa. Wachunguzi waliofanya kazi Zaire miaka ya 1980 walihesabu kwamba chanjo ya ndui ililinda watu dhidi yake kwa kadiri ya 85 kwa mia. Mikono yenye kovu ilipopungua, ugonjwa ukapata njia. Mwezi wa 9, 2023, namna mpya ya mpox ilianza kuonekana Kamituga, Kivu ya Kusini. Kamituga ni mji gani? Mji wa wachimba dhahabu. Watu kama sisi: wanaume wengi mbali na jamaa, nyumba zimebanana, usiku mrefu, watu wanaoingia na kutoka kila siku. Kutoka huko ugonjwa ukavuka mipaka, na tarehe 14 mwezi wa 8, 2024, Shirika la Afya Ulimwenguni likatangaza hatari kwa dunia nzima. Chanjo zake zilifika nchini mwezi wa 9, na kazi ya kuchanja ikaanza Goma tarehe 5 mwezi wa 10.

Basi msiseme korona imepita, habari imekwisha. Korona ilitangazwa mwisho wa hatari yake kubwa tarehe 5 mwezi wa 5, 2023. Mwaka mmoja na miezi mitatu tu, hatari nyingine ikapigiwa kengele, na ilipita katika mji wa mgodi. Itakuja nyingine. Siku hiyo munganga atafika na sanduku lake la baridi, na hapatakuwa na wakati wa kuanza kujenga imani. Imani inajengwa sasa.

KWA WAKUBWA WA KAZI

Kwa heshima, ninawaambia wakubwa mambo manne.

Msimlazimishe mtu. Mkono uliovutwa kwa nguvu leo utafichwa kesho, na pamoja nao mikono ya watoto wake. Anayetishwa kwa mshahara wake atatafuta karatasi ya uongo, na mtakuwa na hesabu nzuri na watu wagonjwa.

Mlete munganga kambini kabla ya sindano. Aje jioni, akae kwenye kiti, aseme lugha yetu, asikie maswali yote, hata ya kipumbavu. Akiwa hajui, aseme « sijui, nitauliza ». Bibi zetu wawepo, kwa sababu nyumbani ndiko mkono unakoamuliwa.

Msichanje wakati wa zamu peke yake. Aliyetoka usiku hataki kupanga mstari tena. Na aliyepata homa ya chanjo apewe siku ya kupumzika bila kukatwa falanga. Msiposema juu ya homa hiyo mapema, mtu akishikwa nayo atasema mmemdanganya.

Na ninyi mtangulie. Mvue koti mbele yetu, tuone mkono wenu.

KWA WEWE, NDUGU

Nawe, mwenzangu wa shimoni, sikuachi.

Unapoingia mahali pa kazi, kitu cha kwanza ni nini? Unachukua chuma, unagonga mwamba wa juu. Jiwe zima linalia vizuri. Jiwe lililolegea linatoa sauti ya ngoma mbovu. Kugonga mwamba si uoga. Anayeingia bila kugonga ni mjinga, na mara nyingi tunamzika.

Kuuliza juu ya chanjo ni kugonga mwamba. Gonga! Una haki. Lakini mambo mawili ukumbuke. Gonga mwamba wenyewe, usigonge ukuta wa jirani: maana yake, uliza munganga, usiulize telefone. Tena, ukisha kugonga, sikiliza. Kama jiwe linalia vizuri, ingia. Mtu anayegonga asubuhi hata jioni, siku zote anasema « tungoje kidogo », huyo hatafuti usalama tena. Anaficha woga nyuma ya chuma chake.

Na wewe ambaye wengine wanakuuliza, wewe kapita, wewe mzee wa mtaa, wewe mama mkubwa ambaye majirani wote wanakuja kwako, kumbuka habari yangu. Usijibu usilolijua. Kama hujui, sema hivi: « Sijui, lakini kesho twende pamoja kwa munganga tukaulize. » Ni maneno machache. Ningaliyasema jioni ile, ningalimpa mwenzangu haki yake, na baada ya hapo angeamua mwenyewe.

Mimi nilichanjwa baada ya kilio chake. Bibi yake alikuwa mbele yangu katika mstari. Hatukusemezana neno. Munganga alipomaliza naye, akageuka, akaniangalia, akasogea pembeni ili nipite.

Ndugu, tafuta jibu mapema. Usingoje kilio kikujibu.